Umekwenda Marekani kusomea unesi, mashairi ya nini?

Kila Agosti na Januari, vyuo vya Marekani vinapofungua muhula, swali lilelile huzuka kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko huko. Mtu katoka Mwanza, Mombasa au Bujumbura, kajiandikisha chuo cha miaka miwili, analenga unesi au uhasibu. Akifungua ratiba anakuta kozi ya lazima ya uandishi, na silabasi yake imejaa hadithi fupi, mashairi na tamthilia. Anaipiga picha, anairusha kundini: "Jamani, mimi nimekuja kusomea unesi. Hii ya mashairi imetokea wapi?"

Majibu hayachelewi. Wa kwanza anasema ni ujanja wa chuo wa kula ada. Wa pili anamtuliza: "Usihofu dada, hiyo ya mteremko. Unasoma hadithi, unaisimulia, unachukua A yako." Wa tatu anamtisha kwamba mashairi ya Kizungu yana maana iliyofichwa ambayo asiyezaliwa kule haioni. Wote watatu wanakosea, na ushauri wa yule wa pili, unaosikika wa upole kuliko yote, ndio unaowaangusha wengi.

Kozi yenyewe ni ipi

Shahada ya kwanza ya Marekani huwa na krediti zipatazo 120, na ile ya miaka miwili zipatazo 60. Kozi moja ya kawaida ina krediti 3. Krediti hizo hazitoki zote kwenye fani uliyoiomba. Sehemu kubwa ya mwanzo ni elimu ya jumla, yaani hesabu kidogo, sayansi kidogo, historia au saikolojia, na uandishi wa Kiingereza. Uandishi mara nyingi hugawanywa kozi mbili zinazofuatana. Ya kwanza hufundisha kupanga insha: kueleza, kulinganisha, kujenga hoja. Ya pili huongeza utafiti na kunukuu vyanzo, na ni hapo ambapo vyuo vingi huingiza fasihi. Vingine haviingizi kabisa, hutumia makala za magazeti, hotuba na ripoti. Ndiyo maana watu wawili waliosoma kozi ya pili ya uandishi katika majimbo tofauti wanaweza kubishana hadi usiku wa manane kama ina mashairi au haina, na wote wakawa wakweli.

Kwa mtu wa kwetu jambo hili linashangaza kwa sababu sisi tunaachana na fasihi mapema. Mwanafunzi wa Tanzania aliyechukua PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, aliagana nayo kidato cha nne. Mkenya naye, akishamaliza karatasi ya fasihi kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hakutani tena na ushairi mpaka auombe mwenyewe. Chuoni mwaka wa kwanza kuna stadi za mawasiliano: barua rasmi, ripoti, namna ya kuzungumza mbele ya watu. Hapo hakuna anayekuuliza mhusika fulani alikuwa na nia gani.

Basi lishike hili tangu mwanzo: kozi hiyo ya Marekani ni ya kuandika. Ukienda idara ya fasihi utafundishwa vipindi vya kihistoria, mikondo, nani alimwathiri nani. Kwenye kozi ya uandishi, hadithi na shairi ni malighafi tu. Kinachosahihishwa ni insha yako, yaani umesema nini, umekithibitisha vipi, na aya zako zimeshikana au zimetawanyika. Mwalimu hatakupunguzia alama kwa kutolipenda shairi. Atakupunguzia kwa kudai jambo ambalo shairi halikulisema.

Malighafi yenyewe ni ya aina tatu, na majina yake tunayo tangu sekondari. Kuna nathari ya kubuni, yaani hadithi fupi na riwaya, ambayo alama yake kubwa ni kwamba kuna mtu anayekusimulia, na huyo msimulizi anaweza kujua mengi, kujua machache, au kudanganya. Kuna ushairi, ambapo mpangilio wa maneno, sauti na mahali mshororo unapokatika ni sehemu ya kinachosemwa. Na kuna tamthilia, ambayo haina msimulizi: una maneno ya wahusika na maelekezo ya jukwaa, mengine unayajenga mwenyewe. Tofauti hizi zinaonekana ndogo hadi siku utakapotakiwa kuthibitisha hoja. Hapo ndipo utagundua kwamba kila utanzu una ushahidi wa namna yake.

Fasihi iliingiaje humo

Mwaka 1874 Chuo Kikuu cha Harvard kiliweka sharti jipya la kujiunga: kila mwombaji aandike insha fupi ya Kiingereza, isiyo na makosa ya tahajia wala sarufi, juu ya mada itakayotoka kwenye vitabu vilivyotangazwa mapema. Orodha ya mwaka ule ilikuwa na tamthilia tatu za Shakespeare, na mbili kati ya hizo ndizo Mwalimu Nyerere alizokuja kuzitafsiri kwa Kiswahili katika miaka ya 1960: ile ya Juliasi Kaizari na ile ya mabepari wa Venisi. Kilichotafutwa pale Harvard kilikuwa uandishi. Vitabu viliwekwa ili watahiniwa wote wawe na jambo moja la kuandikia. Mwaka 1885 chuo hichohicho kikaanzisha kozi ya uandishi ambayo ikawa ya lazima kwa mwaka wa kwanza, na vyuo vingine vikaiga.

Halafu likaja wimbi la pili, na hili ndilo lililoipa kozi sura iliyo nayo hadi leo. Mwaka 1929, huko Cambridge, Uingereza, mwalimu wa fasihi I. A. Richards alichapisha matokeo ya jaribio lake: aliwapa wanafunzi mashairi bila jina la mtunzi, akawaambia waandike wanachokiona. Wengi walipotea vibaya. Wengine walisifu mashairi dhaifu, wengine wakayabeza ya watunzi wakubwa, kwa kuwa hawakuwa na jina la kuegemea. Mwaka 1938, Wamarekani wawili, Cleanth Brooks na Robert Penn Warren, wakatoa kitabu cha kiada kilichofundisha kusoma shairi kwa kulikazia macho lenyewe, neno kwa neno, badala ya kuanza na maisha ya mtunzi. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwasomesha askari waliorudi vitani ilipojaza madarasa watu ambao nyumbani kwao hapakuwa na maktaba, njia hii ikafaa sana. Haikudai ujue historia ya Uingereza wala Kilatini. Ilidai ukurasa mmoja na macho.

Mimi naona hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kumsomesha mnesi mtarajiwa shairi, na ndiyo inayotajwa mara chache. Ukimpa darasa mada ya sheria ya uhamiaji, kila mmoja anakuja na ushahidi wake: huyu kasoma gazeti hili, yule ana mjomba wake, mwingine kaona video. Mwalimu hawezi kuhakiki yote, na mgeni wa nchi daima anakuwa nyuma ya wenyeji. Lakini mkisoma hadithi moja ya kurasa kumi, ushahidi wote uko mezani. Aliyezaliwa Chicago na aliyezaliwa Kigoma wanatazama maneno yaleyale. Ukidai kitu, mwenzako anakuuliza "wapi?", nawe unaonyesha mstari au unanyamaza.

Jikoni kwa Bi Wright

Tuchukue kazi moja inayosomwa sana katika kozi hizi. Mwaka 1900, katika jimbo la Iowa, mkulima mmoja aliuawa kitandani usiku, na mkewe akashitakiwa. Mwandishi wa gazeti aliyetumwa kuifuatilia kesi ile alikuwa mwanamke kijana aitwaye Susan Glaspell. Miaka mingi baadaye, mwaka 1916, akaigeuza kuwa tamthilia fupi ya onyesho moja, Trifles, yaani vitu vidogo visivyo na maana, ikachezwa mara ya kwanza Provincetown, Massachusetts. Mwaka uliofuata akaiandika tena kama hadithi fupi.

Kwenye tamthilia, Bwana Wright amenyongwa kwa kamba akiwa usingizini. Mkewe yuko rumande na haonekani jukwaani hata mara moja. Wanaume watatu, yaani mwendesha mashitaka, mkuu wa polisi na jirani aitwaye Hale, wamekuja kutafuta sababu ya mauaji. Wanapita jikoni, wanatazama huku na huku, wanacheka kidogo kwamba wanawake hubabaika na vitu vidogo, wanapanda juu. Wanabaki jikoni wanawake wawili: Bi Hale, mke wa jirani, na Bi Peters, mke wa mkuu wa polisi. Hawa hawakuja kuchunguza. Wamekuja kumchukulia mfungwa nguo. Lakini macho yao yanajua jiko. Meza imefutwa nusu. Mkate uko nje ya chombo chake. Mtu alikatizwa. Kisha wanaona vipande vya mfarishi aliokuwa akiushona: mishono yote safi, imepangika, isipokuwa sehemu moja ya mwisho ambayo imekwenda ovyo, kana kwamba mikono ilikuwa inatetemeka. Baadaye wanakuta tundu la ndege ambalo mlango wake umevunjwa bawaba. Na mwisho, ndani ya kisanduku kizuri cha vifaa vya ushonaji, wanakuta ndege mdogo amefungwa kwenye kitambaa cha hariri, shingo imepopotolewa.

Sababu ya mauaji imepatikana, na wanaume bado wako juu. Wanawake wanaificha.

Sasa mwanafunzi yule aliyeambiwa "unasoma unasimulia" ataandika aya mbili kama hizo nilizoandika mimi hapo juu, ataongeza ya tatu kwamba hadithi inatufundisha kuwaheshimu wanawake, ataipeleka. Itarudi na C, pengine D, na maelezo kwenye pambizo kwamba huu ni muhtasari. Yeye atashangaa, kwa sababu hakukosea popote.

Tofauti yake ni kama ya watu wawili baada ya mechi ya Simba na Yanga. Wa kwanza anakupa dakika kwa dakika: kona ya dakika ya kumi, goli la thelathini, kadi ya sitini. Wote mliokuwa uwanjani mliyaona. Wa pili anasema: "Mechi iliisha pale walipomtoa kiungo mkabaji, na nitakuonyesha." Huyu wa pili kasema jambo linaloweza kubishiwa, na sasa ana deni la kulithibitisha. Mwalimu wa uandishi anamtaka huyo wa pili. Na kwa kuwa mwalimu ameshaisoma tamthilia, kumsimulia ni kumpotezea muda.

Rudi jikoni, tazama kitu kimoja tu. Bi Hale anapoiona ile mishono ya ovyo, anakaa, anaifumua, anaishona upya vizuri. Bi Peters anamuuliza kwa wasiwasi anafanya nini. Anajibu kwamba anafumua tu mshono mmoja au miwili, ushonaji mbaya humkera. Wakati huo tundu la ndege bado halijaonekana. Ndege mwenyewe bado hajaonekana.

Hapo pana hoja. Unaweza kuandika: "Bi Hale anaanza kuharibu ushahidi kabla hajajua uhalifu ulikuwa na sababu gani, kwa hiyo uamuzi wake wa kumlinda Bi Wright hautokani na ndege; unatokana na anachokijua tayari kuhusu maisha ya nyumba ile." Hiyo ndiyo hoja kuu, ile sentensi ambayo kila mwalimu wa Marekani ataitafuta mwishoni mwa aya yako ya kwanza. Inaweza kubishiwa: mwenzako atasema mwanamke kajibu mwenyewe kwamba ushonaji mbaya humkera, mbona unampachika nia? Vizuri. Unalichukua pingamizi hilo, unaliweka kwenye insha, unalijibu kwa kurudi kwenye maandishi: kwa nini basi Bi Peters alishtuka? Kwa nini Bi Hale anajilaumu tena na tena kwa kutomtembelea jirani yake miaka yote ile? Insha imeanza kutembea.

Na hapa ndipo tofauti ya tanzu inapoacha kuwa ya kukariri. Kwenye tamthilia hatuingii kichwani mwa Bi Hale. Tuna mikono yake, sentensi zake fupi, na maelekezo ya jukwaa yanayotuambia wanawake wanatazamana, kisha wanakwepesha macho. Ushahidi wako utatoka humo. Kwenye hadithi fupi, msimulizi anakaa karibu sana na Bi Hale, anatuambia anachofikiri, na hadithi inaanzia kwenye jiko la Bi Hale mwenyewe, anakotolewa haraka akiwa ameacha unga nusu umechekechwa, nusu bado. Anaingia kwa jirani akiwa na kumbukumbu ya jiko lake lililokatizwa kazi. Tukio ni lilelile, mwandishi ni yuleyule, ila njia ya kuthibitisha imebadilika.

Mnesi anayesoma haya anaweza kuwa ameshaona kilichonivutia mimi. Wanawake wale wawili wanafanya kazi ileile atakayotakiwa kuifanya wodini: kuona kisicho mahali pake, kujiuliza kwa nini, na kutorukia jibu kabla ya kuona kingine kinacholiunga mkono.

Tuliyokuja nayo kutoka nyumbani

Anayetoka Kenya ana silaha moja ambayo mara nyingi hajui kuwa anayo. Lile swali la mtihani, "Eleza muktadha wa dondoo hili," lenye alama nne: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kwa nini. Wamarekani wengi wa mwaka wa kwanza hawajui kufanya hivyo. Wanachomeka nukuu katikati ya aya kama msumari na kuondoka. Wewe umefunzwa kuitambulisha. Ongeza hatua ya tano tu, ambayo mtihani wetu hauitaki sana: neno gani ndani ya dondoo hilo linabeba hoja yako, na linaibebaje.

Aliyetoka Tanzania ana fani na maudhui. Hii nayo ni mali, ila ina mtego. Tumezoeshwa kuorodhesha: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo, kisha wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Kila kichwa kina aya yake, na hoja zinafika sita kwa sababu swali lilitaka sita. Insha ya namna hiyo hukagua kila chumba cha nyumba bila kusema kama nyumba inakalika. Kwenye kozi ya Marekani unachagua viwili au vitatu tu vinavyoihudumia hoja yako, vingine unaviacha, hata kama unavijua. Kwa mtu aliyefunzwa kwamba kuacha hoja ni kupoteza alama, hilo linauma. Na ule ujumbe wa mwisho kwa jamii, ambao kwetu ni wa lazima, kule unaonekana umetoka kwenye mimbari.

Mashairi ndiyo yanayoogopwa zaidi, basi tusome ubeti mmoja pamoja. Nimeutunga kwa ajili ya makala haya, ili pasiwe na jina la kuegemea:

Salamu zangu kwa mama, niko kwema ugenini,
Kazi nzuri, nyumba njema, gari liko mlangoni,
Sijapata hata homa, theluji i dirishani,
Ila sinia ni zima, sijui nile na nani.

Umekamilika kimapokeo: mishororo minne, mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho. Ukiishia hapo umehesabu, hujasoma. Anza na swali dogo: anayesema ni nani? Si mimi niliyeutunga. Ni nafsineni, mtoto aliye mbali anayempa mama habari. Mishororo mitatu anaorodhesha alivyonavyo. Kisha "ila", na kila kitu kinageuka. Sinia si sahani. Ni chombo cha kulia wengi. Mtu anayeishi peke yake na sinia amebeba nyumbani kwao mpaka jikoni kwa wageni.

Rudi nyuma sasa, maana kusoma mara ya pili ndiko kusoma. Gari liko mlangoni. Theluji iko dirishani. Vitu anavyojivunia na vitu vinavyomtisha vyote vimesimama kwenye mipaka ya nyumba, hakuna hata kimoja kilichoingia ndani, na hakuna mtu aliyetajwa kuingia. Upweke ulikuwepo tangu mshororo wa pili, kabla hajaukiri. Na vina havikuvunjika: "nani" inaingia kwenye kina cha "ni" kwa utulivu uleule wa "mlangoni". Ni mtu anayejikaza sauti isitetereke kwenye simu. Hoja kuu ya insha inaweza kuwa hivyo tu: nafsineni anamficha mama upweke kwa kumtajia vitu, lakini mahali anapovipanga vitu hivyo panamfichua.

Je, hiyo ndiyo maana ya ubeti? Hapa yule wa tatu kundini, mwenye maana iliyofichwa, anajibiwa. Hakuna bahasha iliyofungwa ambamo mwalimu kaweka jibu. Mwingine anaweza kusema ubeti huu ni wa kejeli, kwamba nafsineni anajigamba na "ila" yake ni ya kuomba atafutiwe mke. Kwa nini isiwe? "Sijui nile na nani" inaruhusu, na mama ndiye mtu wa kupelekewa ombi kama hilo. Lakini akisema ubeti unahusu siasa za ubaguzi wa rangi, nitamuuliza wapi, na hatakuwa na mshororo wa kunionyesha. Kauli kwamba fasihi ni maoni tu, kila jibu ni sawa, ina kasoro hiyohiyo. Majibu mengi yanakubalika. Mengine hayana miguu.

Wenyewe pia hawakubaliani

Isidhaniwe kwamba Wamarekani wote wameridhika na mpango huu. Mwaka 1993 jarida moja la walimu wa Kiingereza wa vyuo lilichapisha makala mbili zilizogongana. Erika Lindemann alisema fasihi haina nafasi katika uandishi wa mwaka wa kwanza: wanafunzi wanahitaji kujifunza maandishi ya fani mbalimbali watakazozisoma, na mwalimu wa fasihi akipewa shairi husahau uandishi, huhutubia. Gary Tate akajibu kwamba kuifukuza fasihi ni kumwona mwanafunzi kama mfanyakazi wa kesho tu, ilhali ana maisha nje ya kazi. Mjadala ule haujaisha hadi leo, na vyuo vingi vimeegemea upande wa Lindemann, ndiyo sababu kozi za hoja na utafiti zimeongezeka.

Nikiulizwa mimi, Lindemann ana haki kuhusu walimu na Tate ana haki kuhusu wanafunzi. Nimesimuliwa madarasa ambamo wiki nyingi ziliisha kwenye kuhesabu silabi za soneti na insha hazikuandikwa zaidi ya mbili. Huo ni wizi wa muda kwa mtu anayelipa ada ya mwanafunzi wa kimataifa. Lakini kasoro hapo ni ya mwendeshaji. Insha moja nzuri juu ya mishono ya Bi Wright inafundisha kuandika kuliko ripoti tano za kunakili takwimu.

Kuhusu ada: krediti hizo 3 unazilipia kweli, ila ni sehemu ya shahada, na mara nyingi bila kozi hiyo huhami kwenda chuo cha miaka minne. Vyuo vingi havihesabu alama iliyo chini ya C. Kwa hiyo kuichukulia kama ya mteremko ni kucheza na muhula mzima.

Yapo mambo madogo ya utaratibu yanayowakwaza wageni bila sababu. Matukio ya kazi ya fasihi huandikwa kwa wakati uliopo: Bi Hale anafumua, hakufumua. Nukuu hufuata mtindo wa MLA, chama cha wasomi wa lugha kilichoanzishwa mwaka 1883: jina la mwandishi na ukurasa ndani ya mabano, bila mkato kati yake. Ukinukuu shairi unataja namba ya mshororo. Tamthilia ndefu ya zamani, unataja kitendo, onyesho na mstari. Mishororo miwili au mitatu ikiingia ndani ya aya hutenganishwa kwa mkwaju. Ikizidi hapo inajitenga chini. Ukifika kwenye kozi za unesi utaambiwa uyaache hayo ufuate mtindo mwingine, APA, unaoweka mwaka mara baada ya jina la mwandishi. Usikasirike. Tabia ya kutaja ulikolitoa neno ndiyo inayobaki.

Na kuhusu akili mnemba, maana lazima mtu aulize: programu hizo zinaweza kukuandikia muhtasari safi kwa sekunde chache, jambo lililoifanya insha ya kusimulia iwe haina thamani kabisa. Walimu wengi sasa wanataka rasimu, wanaandikisha sehemu darasani kwa kalamu, wanakuita ofisini wakuulize kwa nini ulichagua mstari ule. Aliyesoma kurasa kumi kwa macho yake anajibu kwa dakika mbili.

Kama bado roho haitaki mashairi, usibishane kundini. Nenda kwa mshauri wako wa masomo kabla dirisha la kujiandikisha halijafungwa, muulize kama chuo kina toleo la kozi hiyo linalotumia makala na utafiti badala ya fasihi. Kisha uliza swali la pili ambalo wengi hulisahau: chuo kikuu unachotaka kuhamia kinalikubali toleo lipi? Jibu hilo lipate kwa maandishi.